Vipindi Vilivyochuja na Visivyochuja

Mwaka 1951 shirika la CBS la Marekani lilizindua vipindi viwili vya vichekesho. Amos 'n' Andy kilianza mwishoni mwa Juni, na I Love Lucy kikafuata tarehe 15 Oktoba. Vyote viwili vilipigwa kwenye filamu, wakati vipindi vingi vya siku zile vilirushwa moja kwa moja. Vyote vilikuwa na waigizaji mahiri, na vyote vilipata watazamaji wengi. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, Lucy bado anaonyeshwa, bado anauzwa, na bado anawavunja mbavu watoto ambao hata bibi zao hawakuwa wamezaliwa alipoanza. Amos 'n' Andy kiliondolewa sokoni mwaka 1966, na hakuna stesheni kubwa iliyothubutu kukirudisha.

Ukiuliza kwa nini vipindi vingine vya zamani vinachuja na vingine havichuji, wengi watakujibu kwamba kipindi kizuri hakizeeki. Jibu hilo halinitoshi. Vipo vizuri vilivyofutwa kabla hatujavijua. Vipo vilivyoigizwa kwa ufundi mkubwa ambavyo leo vinamtia mtazamaji haya. Na vipo ambavyo vimedumu kwa sababu tu kuna mtu, siku moja ofisini, aliyekataa njia ya mkato. Kwa maoni yangu umri wa kipindi huamuliwa mapema sana, mara nyingi kabla hata ya siku ya kwanza ya kurekodi, na maamuzi yenyewe ni ya fedha na ya heshima kuliko ya kipaji.

1951 hadi 1957: Filamu ya Lucy

Runinga ya Marekani ilikuwa na makao yake New York. Kipindi kiliigizwa pale studioni usiku, kikaenda hewani papo hapo, na watu wa mashariki wakakiona kwa picha safi. Wa magharibi walipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga. Nakala hizo zilikuwa na ukungu, nyuso zimefifia, na hazikufaa kwa lolote zaidi ya kuonyeshwa mara moja.

Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood. Mdhamini wao, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka watazamaji wa mashariki, waliokuwa wengi zaidi, wapelekewe picha hafifu. Arnaz akapendekeza wapige filamu halisi ya milimita 35, ileile ya sinema, na nakala zake zigawiwe nchi nzima. Gharama ilipanda. Wawili hao wakakubali kupunguziwa malipo, lakini kwa sharti: kikishaonyeshwa, kipindi kiwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wakubwa wa CBS walikubali bila shida, kwa kuwa wakati huo karibu kila mtu aliamini kwamba kipindi kilichokwisha kuonyeshwa hakina thamani tena.

Kazi ya picha alipewa Karl Freund, aliyekuwa amepiga filamu ya Metropolis huko Ujerumani miaka ya 1920. Katika sinema kila pembe huwashiwa taa zake, na kazi husimama kila kamera inapohamishwa. Hapa palikuwa na watazamaji wameketi mbele wakisubiri kucheka, kwa hiyo kusimama kila dakika kusingewezekana. Freund aliinua taa juu na kuzitandaza ili mwanga uenee sawasawa jukwaani, na kamera tatu zikapiga kwa pamoja. Kicheko kikawa cha kweli, na mwigizaji akapata nafasi ya kukisikiliza, kukisubiri na kukichochea.

Tazama ile sehemu ya Septemba 1952 ambamo Lucy na rafiki yake Ethel wanapata kazi katika kiwanda cha chokoleti. Wamesimama mbele ya mkanda unaopitisha chokoleti, na kazi yao ni kufunga kila moja kwa karatasi. Msimamizi amewaonya kuwa ikipita hata moja bila kufungwa, kazi imekwisha. Mkanda unaanza polepole, nao wanaumudu. Unaongeza kasi. Lucy anaanza kuzitia zinazomshinda mdomoni, kisha kifuani, kisha ndani ya kofia. Msimamizi anaingia, anaona mkanda ni mtupu, anaridhika, na anaamuru uongezwe kasi. Hakuna anayehitaji kujua lolote kuhusu Marekani ya 1952 ili aelewe hofu iliyo machoni mwa wanawake hawa wawili. Yeyote aliyewahi kusimamiwa kazini anaijua.

Simaanishi kwamba kipindi chote kimebaki hivyo. Zipo sehemu ambazo mume anamlaza mkewe magotini na kumchapa kama mtoto, na watu ukumbini wanacheka. Leo hazichekeshi. Wakati Lucille Ball alipokuwa mjamzito, neno lenyewe la ujauzito lilionekana si la staha kutamkwa hewani. Hata hivyo Januari 19, 1953, mtoto wa Lucy alipozaliwa kipindini, watazamaji walikuwa wapatao milioni 44. Na kwa kuwa mama alihitaji mapumziko, sehemu za nyuma zilirudiwa, na ikaonekana kwamba watu wanatazama marudio kwa furaha ileile. Miaka michache baadaye CBS ililazimika kuwalipa Ball na Arnaz mamilioni ya dola ili kununua kile ilichokuwa imewaachia bure. Mwaka 1957 Desilu ikanunua studio nzima za RKO.

Kuanzia hapo mtayarishaji yeyote mwenye akili alimfikiria mtazamaji wa pili, yule ambaye angekuja miaka kadhaa baadaye.

1963: Nairobi yakataa

Amos 'n' Andy nacho kilikuwa kwenye filamu. Kama uimara wa picha peke yake ungetosha, tungekuwa nacho mpaka leo.

Kilianzia redioni Chicago mwaka 1928. Freeman Gosden na Charles Correll, wote Wazungu, waliigiza sauti za Wamarekani weusi, na kwa miaka mingi walisikilizwa na taifa zima. Kilipohamia kwenye runinga sura zilipaswa kuonekana, kwa hiyo waliajiriwa waigizaji weusi: Alvin Childress, Spencer Williams, na Tim Moore aliyeigiza Kingfish, mjanja wa maneno asiyeshiba fedha za rafiki yake. Moore alikuwa fundi kwelikweli. Namna anavyovuta sentensi na kugeuza macho kabla ya kusema uongo ni kazi ya mtu aliyekomaa jukwaani.

Lakini NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilipinga tangu mwaka uleule wa 1951. Hoja yake ilikuwa nzito. Wakati huo hapakuwa na kipindi kingine cha kumwonyesha Mmarekani mweusi akiwa mtu wa kawaida mwenye kazi na heshima zake. Katika hiki kimoja, wakili mweusi alikuwa laghai na daktari mweusi alikuwa tapeli. Mzungu aliyechekwa kwa Lucy alikuwa na maelfu ya Wazungu wengine runingani wa kumsawazisha, na mweusi hakuwa na wa kumsawazisha. Mdhamini, kampuni ya bia ya Blatz, alijiondoa, na mwaka 1953 kipindi kikakoma, ingawa CBS iliendelea kuuza marudio yake.

Ndipo kinapoingia kisa ambacho sisi Afrika Mashariki tunakitaja kwa nadra, nacho kinastahili fahari. Mwaka 1963 CBS ilitangaza kwamba imeuza Amos 'n' Andy kwa Kenya na Nigeria ya Magharibi. Runinga ilikuwa changa mno Nairobi, haijatimiza hata mwaka mmoja au miwili, na nchi ilikuwa ikielekea uhuru wa Desemba. Haikuchukua muda, ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba kipindi hicho hakitaonyeshwa nchini. Mwaka uliofuata stesheni moja ya Chicago ilipopanga kukirudisha, maandamano na malalamiko yakazuka, na mwaka 1966 CBS ikakiondoa sokoni kabisa.

Hapa najifunza jambo ambalo wanaolalamika kwamba watu wa leo ni wepesi kuudhika hulisahau. Kipindi hiki hakikuharibiwa na macho ya karne ya 21. Waliochekwa waliiona kasoro yake wiki ya kwanza, wakasema, wakaandika. Kilichobadilika baadaye ni nani anayesikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa pia Uingereza, ambako BBC ilionyesha Black and White Minstrel Show, Wazungu waliojipaka weusi usoni wakiimba na kucheza, kuanzia 1958 hadi 1978. Malalamiko rasmi yalifikishwa mwaka 1967. Kiliendelea miaka 11 zaidi.

1956 hadi 1978: Mikanda iliyofutwa

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ilionyesha mashine ya kurekodi picha kwenye mkanda wa sumaku. Sasa kipindi kiliweza kurekodiwa na kuonyeshwa baadaye bila kupita kwenye maabara ya filamu. Ilikuwa neema, na ndani ya neema hiyo mlikuwa na balaa, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali na uliweza kufutwa ukatumika tena.

Basi ukafutwa. NBC, mshindani wa CBS, ilifuta karibu vipindi vyote vya mazungumzo ambavyo Johnny Carson alivirekodi New York kati ya 1962 na 1972. BBC ilifuta tamthilia, vichekesho, muziki na habari. Tusiwahukumu kana kwamba walikuwa wajinga. Mapatano na chama cha waigizaji yaliwekea mipaka marudio, na kila marudio yalikuwa na malipo yake. Nyumbani hapakuwa na mashine ya video. BBC1 ilipoanza kurusha rangi mwaka 1969, kipindi cha rangi nyeupe na nyeusi kilionekana kama nguo kuukuu. Maktaba iliyokuwapo ilikuwa na wajibu wa kutunza filamu, na hakuna aliyepewa wajibu wa kutunza mikanda. Ilipofika 1978 ndipo ufutaji ulipokomeshwa na kazi ya kuhifadhi ikapewa mtu wa kuisimamia.

Doctor Who, tamthilia ya msafiri wa wakati iliyoanza Novemba 23, 1963, ilipoteza sehemu zaidi ya 90 kwa njia hiyo. Zilizopona zilipona kwa sababu BBC ilikuwa ikitengeneza nakala za filamu ya milimita 16 kwa ajili ya stesheni za nje, zikiwamo za nchi zilizokuwa zimejitawala karibuni. Nakala ilionyeshwa huku, ikapelekwa kule, na mwisho wa safari ilitakiwa irudishwe au iteketezwe. Baadhi hazikurudi wala hazikuteketezwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa zimepotea milele zimepatikana katika stesheni ya runinga mjini Jos, Nigeria. Kwa miongo kadhaa makopo yale ya filamu yalikaa kwenye rafu ya Afrika wakati London ilikwisha kuyaombolezea.

Kwa hiyo tunapofananisha vipindi vya miaka ya 1960 na kusema hiki kimedumu na kile hakikudumu, tunafananisha masalia. Hatujui ni vingapi vingetuchekesha leo. Desilu ilimiliki kazi yake na ikaitunza. Mwigizaji wa London aliyelipwa kwa siku hakuwa na la kusema mkanda ulipopelekwa kufutwa.

1971 hadi 1979: Nani anayechekwa

Januari 12, 1971 CBS ilirusha kipindi kipya cha Norman Lear, All in the Family, kikitanguliwa na tangazo la kuwatahadharisha watazamaji. Archie Bunker, mfanyakazi wa mtaa wa Queens, aliketi kwenye kiti chake na kuwatukana weusi, Wayahudi, wanawake na mkwe wake msomi. Lear alikusudia tumcheke Archie. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya kuwahoji watazamaji Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba wenye chuki walimwona Archie kuwa ndiye msema kweli. Watu wawili walikaa mbele ya runinga moja, wakacheka kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa akimcheka mtu mwingine.

Tangu niyasome matokeo hayo siwezi tena kusema kwamba dhamira ya mwandishi inatosha kukilinda kipindi. All in the Family kimechuja kwa sehemu kwa sababu mabishano yake ni ya miaka yake, Nixon na Vietnam, na anayekitazama leo anahitaji kuelezwa. Kilichobaki hai ni Edith, mke wa Archie, na ukimya wake baada ya mumewe kupaza sauti.

M*A*S*H kilichagua njia nyingine. Kilianza 1972 wakati vita vya Vietnam vikiendelea, lakini kiliwekwa katika hospitali ya kijeshi huko Korea, miaka 20 nyuma. Kwa hiyo siku ya kwanza kilipoonekana tayari kilikuwa kimevaa nguo za zamani, na nguo za zamani hazina mtindo wa kupitwa nao. Dad's Army cha BBC, kilichoanza 1968 kikiwahusu wazee waliojitolea kuilinda Uingereza mwaka 1940, kilipata faida hiyohiyo na bado kinarudiwa. Sehemu ya mwisho ya M*A*S*H, Februari 28, 1983, ilitazamwa na watu wapatao milioni 106.

Jambo moja dogo la kipindi hicho linafundisha sana. CBS ilishurutisha kibandikwe kicheko cha mashine. Watengenezaji walikataa, na mwishowe yakawa mapatano: kicheko kiwepo, isipokuwa ndani ya chumba cha upasuaji. BBC ilipokionyesha Uingereza ilikiondoa kicheko chote. Yeyote anayeweza kuzipata nakala zote mbili azitazame moja baada ya nyingine. Ile yenye kicheko inakuvuta hadi kwenye sebule ya Mmarekani wa 1974 na kukwambia ni wapi ucheke. Ile isiyo nacho inaonyesha madaktari waliochoka wanaofanya mzaha ili wasilie, na imebaki kijana zaidi.

Kisha kuna Mind Your Language. Wakenya wa umri fulani ukiwatajia tu jina hilo watatabasamu. London Weekend Television ilikianza Desemba 1977: darasa la jioni mjini London, watu wazima kutoka Ulaya na Asia wakijifunza Kiingereza kwa mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans. Kila mwanafunzi alikuwa taifa zima kwa umbo la mtu mmoja. Mwaka 1979 Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa kituo, alikiondoa kwa kuona kinadhalilisha wageni. Kwao kilikufa, kikafufuliwa kidogo mwaka 1986, kikazimika. Kwetu kiliishi. India ilitengeneza toleo lake, Zabaan Sambhalke, mwaka 1993.

Kwa nini kiliishi Kenya? Nadhani sababu kubwa ni mwalimu mwenyewe. Watazamaji wengi walikuwa wamefundishwa Kiingereza kwa fimbo, katika shule ambako mtoto aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni. Brown hakuchapa. Mwanafunzi alikosea mara kumi, naye alishika kichwa, akavuta pumzi, akaanza upya. Wanafunzi wale hawakuona aibu kukosea, na kwa mtu aliyewahi kuchekwa darasani kwa kosa la matamshi, uhuru huo ulikuwa kitu cha kutamanika.

Sababu nyingine haitufurahishi sana. Kwenye madawati yale ya kudumu hapakuwa na Mwafrika. Singasinga mwenye kuomba radhi mara elfu, Mchina na Mjapani wanaobadilishana matusi, hao hawakuwa sisi, ingawa Wakenya wenye asili ya India walikuwa majirani zetu na walikuwa wakitazama pia. Serikali ya 1963 iliukataa mzaha ambao ndani yake tulikuwamo. Miaka 15 baadaye tuliupokea kwa mikono miwili ule ambao ndani yake wamo wengine.

Nairobi, kizimbani na nje yake

Wakati huohuo Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali ambalo tangu 1989 linaitwa KBC, ilikuwa ikitengeneza vichekesho vyake kwa Kiswahili. Viwili vilivipita vingine vyote kwa umri: Vioja Mahakamani na Vitimbi.

Vioja Mahakamani hakikuhitaji fedha nyingi. Kizimba, meza ya hakimu, karani, mwendesha mashtaka, basi. Kesi ni za mtaani: kuku aliyeibwa, deni lisilolipwa, chang'aa, jirani aliyetukana jirani. Umaskini huo wa mandhari ndio uliokiokoa. Hakuna magari ya mtindo, hakuna sebule ya kifahari ya mwaka fulani ya kutufanya tucheke mapambo badala ya maneno. Mahakama ya leo inafanana na ile, na mshtakiwa wa leo anajitetea kwa uongo uleule uliopindwa vilevile.

Mzaha wake mkubwa, kama ule wa darasa la London, ulikuwa lafudhi. Ondiek Nyuka Kwota alisema Kiswahili cha Kijaluo, Masanduku arap Simiti cha Kikalenjin, na wengine kila mmoja na chake. Kwa nini basi hakikuchuja kama kile? Jibu langu ni kwamba kizimba kilimzungukia kila mtu. Wiki hii mshtakiwa ni wa kabila hili na shahidi mwerevu ni wa lile, wiki ijayo wamebadilishana. Hapakuwa na mmoja aliyeketi juu akisikiliza Kiswahili cha wengine kikivunjika huku chake kikiwa ndicho kipimo.

Vitimbi kinaleta swali gumu zaidi. Mhusika wake mkuu, Mzee Ojwang, mume wa Mama Kayai, alikuwa Mjaluo kwa sauti, kwa mwendo na kwa majivuno. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Katika nchi ambako siasa imewagonganisha Wakikuyu na Wajaluo tangu miaka ya 1960, hilo lingeweza kuwa Amos 'n' Andy ya Kenya: watu wa upande mmoja wakiigiza sauti ya upande mwingine ili wauze kicheko. Haikuwa hivyo. Wanjau alifariki Julai 2015, na alililiwa nchi nzima, Nyanza ya Wajaluo ikiwamo.

Nimeifikiria tofauti hiyo mara nyingi. Gosden na Correll walisimama mbali na watu waliowaiga, katika nchi ambayo haikuwaruhusu watu hao kujiigiza wenyewe. Ojwang alikuwa na nyumba, mke wa kumjibu, na wenzake kutoka kila pembe ya nchi waliokuwa na sauti sawa na yake. Alikuwa mjeuri, mchoyo kidogo, mwoga wa mkewe na mwenye upendo, na huwezi kusema ni kabila gani lenye sifa hizo peke yake. Sikio la Wanjau kwa lafudhi lilikuwa la mtu aliyeishi na watu hao na kuwapenda. Ukitazama sehemu zile leo, baada ya ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, zinauma kidogo, na zinapendeza zaidi.

Waigizaji hao hawakuwa na Desilu yao. Hawakumiliki walichokitengeneza, na kila marudio yaliwaongezea sifa kuliko kipato.

1987 na kuendelea: Mashine mpya, picha za zamani

Kuna uzee mwingine usiohusu mzaha wala heshima. Star Trek ya kwanza, tamthilia ya safari za angani iliyotengenezwa na Desilu kuanzia 1966, ilikamilishwa yote kwenye filamu, ndiyo maana iliweza kusafishwa na kuonekana vizuri kwenye runinga za kisasa. Mfululizo uliofuata, The Next Generation, 1987 hadi 1994, ulipigwa kwenye filamu pia, lakini ili kuokoa muda na fedha uhariri na picha za vyombo vya angani vilifanywa kwenye mkanda wa video. Runinga za kioo kikubwa zilipokuja, mkanda ule ulionekana kama umefunikwa kwa chandarua. Kuanzia 2012 CBS ilirudi kwenye makopo ya filamu, ikakata na kuunga upya kila sehemu, kwa gharama kubwa isiyorudi ilivyotarajiwa. Ndugu zake wawili, Deep Space Nine na Voyager, hawakupata bahati hiyo, na wamebaki na ukungu wao.

Muziki nao. WKRP in Cincinnati, 1978 hadi 1982, kilihusu kituo cha redio, na nyimbo halisi za wakati huo zilikuwa sehemu ya masimulizi. Haki zilinunuliwa kwa muda tu. Kilipotolewa kwa DVD mwaka 2007 nyimbo nyingi zilikuwa zimebadilishwa kwa muziki usiojulikana, na mizaha iliyotegemea wimbo fulani ikabaki inaning'inia. Nyingi zilirudishwa mwaka 2014, baada ya kampuni nyingine kukubali kulipia.

Hata upana wa kioo unaweza kuua mzaha. Katika sehemu moja ya katuni ya The Simpsons ya mwaka 1993, wageni wanatembezwa katika kiwanda cha bia ya Duff. Yako matangi matatu yenye majina matatu tofauti, na juu yake bomba moja linaloyajaza yote. Hakuna anayelitaja bomba; mtazamaji anapaswa kuliona mwenyewe. Novemba 2019 Disney+ ilikata picha juu na chini ili ijae kwenye vioo vipana vya leo, na bomba likakatwa nalo. Mashabiki walilalamika hadi mwaka uliofuata wakarudishiwa picha kamili.

2020: Tahadhari mwanzoni

Juni 2020, miji mingi ikiwa katika maandamano baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi, kampuni za runinga zilianza kupekua maghala yao. UKTV ya Uingereza iliondoa kwa muda sehemu moja ya Fawlty Towers, kichekesho cha John Cleese na Connie Booth chenye sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979. Sababu haikuwa Basil Fawlty kuwatukana wageni wake Wajerumani, jambo ambalo watu hulikumbuka zaidi. Ilikuwa maneno ya kibaguzi ya Meja, mzee anayeishi hotelini, kuhusu watu weusi.

Cleese alipinga, akisema Meja aliwekwa pale ili achekwe, si ili aungwe mkono. Ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa ni mmoja wa wawili waliomwandika. Lakini Lear naye alisema hivyo kuhusu Archie, na Vidmar na Rokeach walikwisha kuonyesha kwamba mwandishi hawezi kuingia kila sebule kuhakikisha. Mimi nasimama upande wa wanaotaka kipindi kionyeshwe kizima, na mbele yake pawe na maneno machache ya kumweleza mtazamaji anachokwenda kusikia. Kukata ni kufuta kwa namna nyingine, na tumeona kufuta kulivyotugharimu. Kunyamaza nako ni kumwacha mtu aliyetukanwa apambane peke yake mbele ya watoto wake. UKTV iliirudisha sehemu ile ndani ya siku chache, ikiwa na tahadhari mwanzoni.